Kufa Kikondoo

Methali yetu yasema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Mbuzi akilazwa chini hupiga kelele mtaa mzima ukasikia, kondoo hunyamaza. Wahenga waliutazama ukimya huo wakauita uungwana: kujizuia mbele ya jambo lisiloepukika. Malenga wengi wa siku hizi wamelisahau hilo. Kondoo wao ni mjinga tu, mfuasi asiyeuliza aendako, naye hutiwa ubetini kama tusi ili kina kitimie.

Mfasiri naye hukwama kwenye neno hilo hilo. Shairi la William Blake juu ya mwanakondoo, lililochapishwa mwaka 1789, lina mnyama mwenye manyoya laini yanayong'aa. Kondoo wa asili wa Afrika Mashariki ana nywele fupi, na utajiri wake ni shahamu ya mkiani. Mfasiri akiandika “sufu”, msomaji wa pwani huenda akakumbuka sufi, ile ya msufi ijazwayo mitoni. (Na pengine si hasara kubwa, mto nao ni mlaini.)

Lakini hata methali yenyewe haistahili kupokewa bila kuhojiwa. Neno uungwana lilipata uzito wake penye watumwa, na Unguja hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897 tu. Anayesifiwa kwa kufa kimya ni nani, na kisu kimo mkononi mwa nani? Malenga amtakaye kondoo aanzie hapo.