Kupuuza na Kupuuzilia Mbali

Miongoni mwa vitenzi vya kuliondolea jambo uzito, "kupuuzilia mbali" kimezoeleka mno katika habari za Kiswahili nchini Kenya. Msahihishaji apendaye ufupi huweza kukifuta na kuandika "kupuuza", akidhani kwamba kilichozidi ni pambo tupu. Dhana hiyo haina msingi.

Kwa upande wa umbo, kitenzi hiki hakina kasoro. Kama vile "tupa" inavyozaa "tupia", kisha "tupilia", ndivyo "puuza" inavyozaa "puuzia" na "puuzilia". Kauli ya kutendea iliyorudufishwa hivyo, ikifuatwa na "mbali", huonyesha tendo lililokamilika pasipo kurejewa. Hata hivyo, kinachotupiliwa mbali huweza kuwa kitu cha kushikika, ilhali kinachopuuziliwa mbali kwa kawaida ni neno: madai, uvumi, onyo au pendekezo.

Tofauti ya maana ni kubwa zaidi. Ichukuliwe, mathalan, kwamba wakulima wa mahindi wa Uasin Gishu wamefika Eldoret kulalamikia bei. Ikiandikwa, "Afisa alipuuza malalamiko yao," msomaji kwanza huelewa kwamba afisa alinyamaza, wala hakutenda lolote. Ikiandikwa, "Afisa aliyapuuzilia mbali malalamiko yao," huelewa kwamba afisa alisema, na kwa kusema kwake akayatangaza kuwa hayana uzito. Katika sentensi ya kwanza kosa ni kutojali. Katika ya pili afisa amesikia, akahukumu.

"Kudharau" ni jambo jingine tena. Methali "Mdharau mwiba mguu huota tende" haimlaumu mtu kwa kuutukana mwiba, bali kwa kuukadiria vibaya. Kipimo hicho kimo moyoni, na huenda kisifike ulimini. "Kudunisha" nako, kwa kiambishi chake cha kusababisha, ni kukifanya kitu kionekane duni machoni pa wengine.

Kwa hiyo, kufuta "-ilia mbali" ni kubadili ushahidi: aliyejibu hugeuzwa kuwa aliyenyamaza. Lakini waandishi nao hawana budi kujihadhari. Aliyeyajibu madai kwa hoja na hesabu hakuyapuuzilia mbali, ameyakanusha. Kumbandika kitenzi hicho ni kumnyima haki ya kusikilizwa, kama vile wakulima wanavyonyimwa haki yao pale afisa aliyewakatalia hadharani anapoandikwa kuwa alikaa kimya tu.