Nyimbo za Enzi za Shule: Namna ya Kuzipima kwa Sikio la Leo

Wimbo uliokukuta ukiwa na miaka kumi na sita una mtetezi mkali, nao ni ujana wako. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na shuleni karibu kila kitu kilikuwa kipya: disko la Jumamosi, marafiki, redio kaseti ya bwenini. Ndiyo maana hata wimbo wa kawaida kabisa unaweza kukutoa machozi leo. Machozi hayo ni halali, ila yanatoa habari zako kuliko habari za wimbo. Anayetaka kujua kama wimbo ulitengenezwa vizuri hana budi kuisikiliza kazi ya mafundi wenyewe. Nyimbo za pop na roki za miaka ya 1970 na 1980, zilizovuma hadi kwenye mabweni yetu, zina kazi ya kutosha ya kujifunzia.

Pata rekodi nzima

Wengi tulizijua nyimbo hizi kwa kanda zilizorekodiwa redioni au kunakiliwa kutoka kanda nyingine. Kila nakala ilififisha sauti za juu na kuongeza mvumo, na mtangazaji aliingilia kabla wimbo haujaisha. Tafuta toleo la albamu, vaa spika za masikioni, utulie. "Hotel California" ya Eagles ina dakika sita na nusu, na karibu theluthi yake ya mwisho ni magitaa matupu: Don Felder na Joe Walsh wanapokezana, kisha wanapiga pamoja, mmoja akiwa sauti ya kwanza na mwingine ya pili. Aliyekatiwa wimbo njiani hakuwahi kuusikia.

Anza chini

Mara ya kwanza mwache mwimbaji. Fuata ngoma na besi tu. Somo bora ni "Billie Jean" ya Michael Jackson, iliyomo kwenye albamu ya Thriller ya mwaka 1982. Ngoma alipiga Leon Chancler, Mmarekani aliyejulikana kwa jina la Ndugu. Besi alipiga Louis Johnson. Kwa karibu nusu dakika hakuna anayeimba. Mtayarishaji Quincy Jones aliuona utangulizi huo mrefu mno, lakini Jackson alikataa usikatwe kwa sababu ndio uliomtia hamu ya kucheza. Fundi wa sauti, Bruce Swedien, aliuchanganya wimbo mara 91, na mwishowe wakarudi kwenye mchanganyo wa pili. Sikiliza walichokilinda: kila ala ina nafasi yake, na hakuna inayoiziba nyingine. Kipimo ni hiki: mdundo ukibaki peke yake, bado unakushika? Mdundo dhaifu huhitaji kufunikwa na makelele.

Chunguza kiitikio kinavyoandaliwa

Kiitikio kitamu hakitoshi. Angalia ulivyofikishwa hapo. "Dancing Queen" ya ABBA, ya mwaka 1976, inaanza kwa vidole kuteleza juu ya piano, na mara waimbaji wanaingia katikati ya kiitikio. Ubeti unafuata baadaye. Kiitikio kizima kinapofika, sikio linakijua nusu na linakingoja kwa hamu. Agnetha Fältskog na Anni-Frid Lyngstad wanaimba noti zilezile kwa pamoja, hata sauti mbili zinakuwa moja yenye mwanga zaidi.

"Bohemian Rhapsody" ya Queen, ya mwaka 1975, haina kiitikio hata kimoja, nayo inakaribia dakika sita. Hapo pima viungo, kama unaponunua kabati: fundi hodari hujulikana pale mbao mbili zinapokutana. Gitaa la Brian May linaipokea sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, inapofika kileleni, na kutuvusha hadi kwenye sehemu ya opera. Kwaya ile kubwa ni watu watatu tu, Mercury, May na Roger Taylor, waliojirekodi tabaka juu ya tabaka.

Sasa yaelewe maneno

Shuleni tuliimba Kiingereza tulichokisikia nusunusu. Yasome maneno leo, kisha uulize kama ala zinasema jambo lilelile. "Every Breath You Take" ya The Police, ya mwaka 1983, hupigwa harusini, ingawa Sting aliyeutunga ameeleza kwamba unahusu wivu na kumfuatilia mtu. Msikilize Andy Summers: gitaa lake linarudia mpangilio uleule, halichoki wala haliachi, sawasawa na mwanamume anayesimuliwa. Huo ni utunzi uliokomaa.

Linganisha matoleo

Wimbo uliorekodiwa na makundi mawili hukufundisha kutenganisha utunzi na mpangilio wa ala. "Rivers of Babylon", uliotokana hasa na Zaburi ya 137, uliimbwa na The Melodians wa Jamaika mwaka 1970, kisha Boney M. wakaueneza duniani mwaka 1978. Sauti ya Liz Mitchell katika toleo la Boney M. ni safi na ya kweli, lakini mdundo wa disko unamharakisha. Melodians hawana haraka, na uchungu wa watu wa zaburi hiyo, waliohamishwa kwao, unabaki mzima. Kwa sikio langu, la Jamaika ndilo bora, hata kama shuleni tulilicheza lile lingine.

Toa hukumu

Mwisho, mpigie wimbo kijana asiye na kumbukumbu nao, bila kumsimulia lolote. Akiomba urudiwe, una ushahidi usiotokana na ujana wako. Wimbo ulioshindwa vipimo usiutupe. Uweke kwa ajili ya siku ya kukutana na wenzako wa darasa, muucheze kwa moyo wote. Uliofaulu, mfundishe mwanao kuusikiliza, mkianzia kwenye besi.