Yezu katika likizo: neno juu ya «Saint Oniisan»



Vijana wa seminari wamekwisha kutuuliza mara nyingi: «Padri, ile hadithi ya Wajapani inayomchora Yezu akiishi pamoja na Buddha, ni dhambi kuisoma?» Kwa kawaida mwenye kuuliza hivi amekwisha kuiona katika telefoni yake. Basi kumkataza tu hakutoshi. Yafaa tuipime kazi yenyewe, uzuri wake na upungufu wake.

Hadithi hii yaitwa «Saint Oniisan», maana yake, karibu, «Vijana Watakatifu». Ni manga, ni kusema hadithi ya picha za kuchorwa, kama Wajapani walivyozoea kusoma. Mtungaji ni mwanamke, Hikaru Nakamura, aliyeanza kuitoa mwaka 2006 katika gazeti Morning Two; mwaka 2009 alipewa kwa ajili yake tuzo yenye jina la Osamu Tezuka. Yezu na Buddha wanashuka duniani kwa likizo, wanapanga chumba kidogo huko Tachikawa, upande wa magharibi wa Tokyo. Buddha anahesabu kila feza. Yezu ananunua vitu visivyo na lazima, na tena anaandika katika intaneti maoni yake juu ya michezo ya televizio. Yezu akifurahi sana, maua ya waridi yanachanua katika taji lake la miiba. Buddha akiwaza mawazo mema, mwili wake unang'aa, naye hajui ajifiche wapi.

Je, ni matusi? Sisi hatuoni hivyo. Mwenye kutukana hana haja ya kumjua anayemtukana. Nakamura, kinyume chake, anataka msomaji ajue. Tutoe mfano mmoja. Katika bafu la watu wote, jambazi mmoja anamsikia Yezu akisimulia habari za Baba yake, na jinsi alivyouawa akarudi. Anadhani huyu ni mtoto wa mkubwa fulani wa majambazi, akaanza kumheshimu. Asiyejua Mateso na Ufufuko hawezi kucheka hapo. Na katika Japani, ambapo Wakristu ni karibu mtu mmoja katika mia, jambo hilo si dogo. Tukumbuke pia kwamba mwaka 1597 mashahidi 26 walitundikwa msalabani kule Nagasaki, na kwamba baadaye wakubwa wa nchi waliwalazimisha watu kukanyaga sanamu ya Kristu ili waonyeshe kwamba si wafuasi wake. Katazo la dini halikuondolewa mpaka mwaka 1873. Uso ule uliokanyagwa kwa nguvu, leo mkono wa Mjapani unauchora kwa upole.

Mwaka 2018 hadithi ilifanywa mchezo wa televizio, ukiongozwa na Yuichi Fukuda. Kenichi Matsuyama anacheza Yezu, Shota Sometani anacheza Buddha. Wote wawili ni wachezaji hodari, hasa wanaponyamaza na kutazamana. Hata hivyo kitabu chapita mchezo. Katika kitabu kuna njia, duka, mama mwenye nyumba, watoto, na yule jambazi. Katika mchezo, sehemu kubwa ni watu wawili wakizungumza chumbani, na kicheko chatoka katika uso wa mchezaji kuliko katika Injili. Tena mstari wa kalamu ni alama tu, kila mtu anajua. Lakini mtu mwenye mwili, nywele na ndevu, akituambia kwamba yeye ndiye Yezu, anatutaka tumwamini. Nasi twamtazama kwa jicho lingine.

Wengine wataogopa kwamba kuwaweka Yezu na Buddha katika chumba kimoja ni kusema dini zote ni sawa. Hadithi haifundishi hivyo: kila mmoja ana wanafunzi wake na kumbukumbu zake. Na Mtaguso wa Vatikano, katika tangazo lake la mwaka 1965 juu ya dini nyingine, ulitaja dini ya Buddha kwa heshima.

Kosa lenyewe, kwa maoni yetu, liko katika neno «likizo». Mwenye likizo haombi mtu neno. Jambazi wa bafuni anamheshimu Yezu kwa sababu amesikia vibaya, na kicheko chaishia hapo. Zakeo naye alimpokea Yezu nyumbani, lakini chakula kile kilimgharimu: nusu ya mali kwa maskini, na kurudisha mara nne alichoiba. Hatudai kitabu cha kuchekesha kiwe katekisimu. Lakini hata kwa kazi ya mtungaji, upungufu huu waonekana: pasipo kudaiwa kitu, hakuna anayebadilika sana, na sura baada ya sura twarudi katika chumba kile kile.

Basi kijana asome, Injili ikiwa karibu. Katekista akiona vijana wanacheka, asiwanyang'anye. Awaulize kwanza: «Mchezo huu umetoka katika neno gani la Maandiko?» Wakijibu, awafungulie ukurasa huo, kisha awaulize Yezu alimwomba mtu yule nini. Jibu la swali hilo la pili hawatalipata katika «Saint Oniisan».