Ayala wa Richmond: Ukuta, Ngazi na Makangaga

Ayala, mnyama ambaye aghalabu tumemfahamu kwa jina katika Zaburi kuliko kwa macho, anatofautiana na paa na kulungu wa kwetu katika jambo moja kubwa: pembe za hawa hudumu kichwani maisha yao yote, ilhali dume la ayala huzipukutisha zake kila mwaka, kisha akaota nyingine mpya baada ya miezi michache. Mnyama huyo wa mwituni yupo leo ndani ya jiji la London, lenye watu wanaokaribia milioni 9, ambako takriban 630, wa aina mbili, yaani ayala wekundu na wale wadogo wenye madoa, huzunguka bila ya kamba wala zizi katika Richmond Park, penye hekta 955 za majani na miti. Nataka tuitazame namna jambo hilo lilivyofanyika, kwani kumwingiza mnyama mahali ni kazi ya siku chache, na kumpatia maskani humo ni kazi nyingine kabisa.

Aliyeanza ni Mfalme Charles wa Kwanza, ambaye mwaka 1625 aliikimbia tauni ya London na kuhamishia baraza lake Richmond, na ambaye mwaka 1637, kwa kutaka mahali pa kuwinda, alizungusha ukuta wa matofali wa maili 8 hivi, ukayameza mashamba ya watu pamoja na malisho yaliyokuwa ya wote. Raia walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Mfalme aliwaachia njia za kupita kwa miguu, lakini zaidi ya miaka 100 baadaye Binti Mfalme Amelia, aliyeshika ulinzi wa mwitu huo tangu 1751, akaamuru malango yafungwe.

Hapo ndipo alipotokea John Lewis, mtengenezaji wa bia wa mji wa Richmond, ambaye alizuiwa langoni, akamshtaki mlinzi wa lango, na mwaka 1758 akashinda. Jaji alipomwuliza kama ataka mlango au ngazi ya kuvukia ukuta, alitafakari kwamba mlango hauna budi kufungwa kwa ajili ya ayala, na kwamba mlango uliozoea kufungwa huenda siku moja ukatiwa komeo, basi akachagua ngazi. Na ngazi hizo zilipojengwa kwa vipago vilivyoachana mno, hata wazee na watoto wasiweze kupanda, alirudi kwa jaji yule yule, na ikaamriwa zitengenezwe upya. Mimi sioni katika historia yote ya mahali hapa ufundi unaoshinda ule wa ngazi ya Lewis, iliyompitisha mtu na kumzuia mnyama, bila ya kumnyima yeyote kati yao haki yake.

Sasa tuwatazame ayala wenyewe, jinsi wanavyoigawa ardhi yao. Alfajiri na magharibi hutoka kwenye uwanda wa majani wakala. Mchana hulala wakicheua, aghalabu karibu na miti. Kwa sehemu kubwa ya mwaka madume hukaa mbali na majike, mpaka Septemba na Oktoba, ambapo madume wekundu hunguruma, hugongana pembe na kuwazungukia majike wao, nao wenye madoa hukoroma kwa sauti nzito itokayo kooni. Na mtu mwenye busara katika miezi hiyo hujiweka mbali. Inapofika Mei, jike hujitenga na wenziwe, akaingia penye makangaga marefu, akazaa humo, akamficha mtoto wake. Makangaga yana sumu, na ayala huyaepuka. Kwa sababu hiyo husimama marefu pale ambapo kila jani jingine limeliwa, na kile wasichokila ndicho kinachowastiri watoto wao.

Miti nayo ina alama zao. Ukiitazama kwa mbali utaona matawi ya chini yamekatika sawasawa, kana kwamba fundi amepitisha kamba, kwa kimo kile kile ambacho shingo iliyonyoshwa hufikia. Mialoni mikongwe, ambayo mingine ilikuwako kabla ya ukuta, hainung'uniki, na ndani ya mbao zao zilizooza hukua mbawakawa wakubwa wenye taya kama pembe. Lakini mche mchanga hauwezi kupona pasipo kizuizi, na ndiyo maana Isabella Plantation, inayosifika kwa maua yake, ilitiwa ua mwaka 1831 ili ayala wasiingie. Kwa upande mwingine, malisho yao huyafanya majani yawe mafupi, na juani humo huinuka vichuguu vidogo vya sisimizi wa manjano kwa maelfu.

Liko jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mbwa mwitu walikuwa wamekwisha kutoweka Uingereza kabla ya Charles kujenga, na ukuta unamzuia ayala kuhama malisho yanapopungua. Kwa hiyo kila mwaka, Novemba na Februari, mwitu hufungwa usiku na baadhi yao hupigwa risasi. Naamini ni sawa, wala silisemi kwa wepesi, maana aliyemfungia mnyama njia ya kwenda zake amejitwika hesabu yake, na akikataa kuifanya, njaa itaifanya kwa taratibu iliyo mbaya zaidi.

Wageni huagizwa wakae mita 50 mbali na ayala, na wakati wa kuzaa mbwa hutakiwa wawe katika kamba. Sababu yake ni kwamba mtoto wa ayala katika siku zake za kwanza hakimbii: hulala kimya katika makangaga, amejikunyata, akimngoja mama anayekuja mara chache tu kumnyonyesha, huku watu wakipita njiani hatua chache kutoka alipo, wala hawamwoni.