Kitenzi "Sink" na Maana ya Jina la Dodoma

Yampasa kila mwalimu afundishaye maana ya jina la Dodoma alipime neno analolitumia. Wagogo husimulia ya kuwa tembo alikwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akanaswa na matope, akashuka polepole asiweze kutoka, walioona wakasema, "Idodomya." Wengine husimulia habari za ng'ombe wa Wahehe walioibwa wakaliwa, na mikia yao ikasimikwa topeni, ili wenyewe wakija waambiwe ya kuwa ardhi imewameza. Hapa hatuamui iliyo ya kweli. Zote mbili zalikubali neno lile moja.

Kwa Kiingereza neno hilo hufasiriwa "it has sunk", na wengi wakiligeuza kwa Kiswahili husema "imezama". Hapo ndipo pa kuangalia.

Katika Kiingereza cha kale vilikuwapo vitenzi viwili: "sincan", kushuka chini chenyewe, na "sencan", kukishusha kitu. Kijerumani kingali navyo, "sinken" na "senken". Kiingereza kilikiacha cha pili, na "sink" ikabeba kazi zote. Kwa hiyo Mwingereza huitumia kwa meli iendayo chini na kwa adui aishushaye, kwa mguu uingiao topeni, kwa jua la jioni, hata kwa kazi ya kisima. Kiswahili hakikubali hivyo. Meli huzama, adui huizamisha, mguu hudidimia, nguzo hudidimizwa, jua hutua, kisima huchimbwa.

Huenda mtu akajibu ya kuwa hata matopeni watu husema kuzama. Ni kweli. Lakini makao ya neno hilo ni maji mengi: mzamia lulu huzama, kisha huibuka. Kudidimia ni kushuka kidogo kidogo ndani ya kitu laini kishikacho. Na Dodoma si nchi ya maji mengi. Mji uko katika uwanda wa juu, kadiri ya mita 1,100 juu ya bahari. Mvua zake ni za Desemba hata Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 700 kwa mwaka. Mfugaji wa huko haogopi kilindi, bali udongo mweusi wa mbuga, upasukao nyufa wakati wa kiangazi na kushika kwato wakati wa masika. Mwanafunzi akiambiwa "imezama" atatafuta ziwa; akiambiwa "imedidimia" ataona tope.

Tena sauti za "idodomya" na "didimia" zakaribiana, ingawa kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa undugu.

Tangu mji huu ulipochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi, jina lake hufundishwa mbali na Ugogo, kwa watoto wasiojua Kigogo. Hao hawana njia ya kuiona picha ile ila kwa neno la mwalimu wao. Basi Kigogo na kifasiriwe kwa Kiswahili moja kwa moja. Na neno la Kiingereza likisimama katikati, lipimwe kwanza.