Soma Tu, Usiandike

Sipiyu ililetwa imefungwa kwa leso. Mama aliyeibeba alitoka nayo Kawangware, akashuka Dagoretti Corner, akapanda gari jingine la Ngong Road hadi Adams, kisha akakata kwa miguu kupitia Soko la Toi mpaka hapa Makina, upande wa Kibera, ninapokaa na meza yangu. Njia nzima aliipakata. Makanga alitaka kuisukuma chini ya kiti, akakataa. Alipoiweka mezani hakuniambia imeharibika wapi. Aliniambia, "Fundi, humu ndani mna watu."

Nilimwelewa polepole. Miaka ya nyuma alikuwa na saiba, chumba kimoja cha mabati chenye kompyuta nne, na kazi iliyomlipia kodi haikuwa barua pepe wala michezo ya watoto. Ilikuwa vijitabu vya mazishi. Mtu huja Alhamisi jioni, macho mekundu, ameshika kitambulisho cha marehemu na karatasi mbili za daftari zenye wasifu wake. Mwili unasafirishwa Ijumaa usiku kwenda Kakamega, au Siaya, au Kitui. Ile picha ya kitambulisho inaskaniwa, inakuzwa, inaondolewa mikunjo na muhuri, wasifu unachapwa, ratiba ya ibada inapangwa, nakala zinatolewa na kukunjwa kabla basi halijaondoka. Kwa familia nyingi za mtaani hiyo ndiyo picha pekee ya mzee wao iliyowahi kufanywa kubwa kuliko kidole gumba.

Vijitabu vyenyewe vikishagawanywa hunyeshewa, huliwa na panya, huteketea moto unapopita kwenye mabati. Faili hubaki. Saiba ilipofungwa, mama aliuza monita na viti, akaacha mashine moja chini ya kitanda. Na watu hawakuacha kumjia: mama, ile picha ya baba uliyotutengenezea, bado unayo? Akawa anajibu, ninayo, ila mashine haiwaki.

Ufundi ninaotaka kuusifu hauna bango mtaani. Mabango husema tunapiga Windows, tunaflashi simu, tunabadilisha skrini. Hakuna lisemalo: hapa tunajua kutogusa. Mwalimu wangu, aliyekuwa na kibanda upande wa Congo kule Kawangware, alianza kunifundisha kwa kuniketisha juu ya mikono yangu. Diski ya mtu, alisema, haiandikwi kabla haijasomwa yote. Nilidhani ni ukali wa wazee.

Nilikuwa na miaka 21 nilipomwelewa. Jirani aliniletea laptopu iliyogoma, nami nikaona kazi ni nyepesi: nikachomeka flashi, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikaweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani. Laptopu iliwaka vizuri. Ndipo akauliza ziko wapi picha za mtoto wake wa kwanza, ambaye hakufikisha mwaka. Nilizitafuta siku nne. Nilichopata ni vipande: sikio, ukingo wa shali, ukuta. Hakunigombeza, wala hakudai pesa zake. Alishukuru, akaondoka na laptopu inayofanya kazi, na mpaka leo tukipishana njiani mimi ndiye ninayeangalia chini.

Kwenye diski za kuzunguka, faili ikifutwa haiendi popote. Kinachofutwa ni jina lake kwenye orodha. Mwili wake unabaki palepale kwenye diski, umelala, ukingoja chumba chake kipewe mgeni. Kwa hiyo kinachoua kumbukumbu mara nyingi si kule kufuta, ni kuandika baada ya kufuta. Na kompyuta ni mashine ya kuandika. Ukiiwasha tu, kabla hujagusa hata kibodi, tayari inaandika: saa ya kuwashwa, masasisho, takataka zake za muda. Mtu anayewasha na kuzima diski inayokufa mara ishirini akijaribu bahati yake anachimba kaburi bila kujua.

Basi sipiyu ya mama sikuiwasha. Nilifungua mfuniko kwa bisibisi. Vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi la sufu kwenye feni, na kando ya prosesa kapasita tatu zilikuwa zimevimba vichwa; hizo ndizo zilizoizuia kuwaka. Ningeweza kuzibadilisha siku hiyohiyo. Niliziacha. Nilichomoa diski peke yake, ya GB 40, ya zile zenye waya mpana bapa ambazo vijana wanaoanza kazi leo hawajawahi kuzishika, nikaiunganisha kwa adapta ya USB kwenye mashine yangu ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux. Mashine hiyo nimeizimia tabia ya kufungua yenyewe kila diski inayochomekwa. Diski ilizunguka. Nikaiwekea sikio.

Sikio ni chombo cha kazi hii sawa na bisibisi. Diski nzima huvuma kama nyuki walio mbali. Iliyokwaruzwa hugonga: ta, ta, ta, kimya, ta, ta, ta, ukisikia hivyo unakata umeme papo hapo na kumwambia mwenyewe ukweli. Kuna wanaoitia kwenye friza. Mwalimu wangu alikuwa akikasirika kabisa akisikia hilo, kwa sababu ikitoka hutoa jasho, na jasho hilo liko ndani, juu ya sahani zile zile unazotaka kuziokoa. Hii ya mama ilivuma, ikakwama, ikakohoa kidogo, ikavuma tena. Ina maradhi lakini inasema.

Hapo ndipo Linux ilipostahili nafasi yake mezani pangu. Mifumo mingine ikishindwa na diski hukuonyesha kisanduku chenye pole, na chini yake kitufe cha kuifomati. Linux hunena. Unaandika dmesg, nayo inakupa mstari kwa mstari ilichokiona: kifaa kimeingia, kina ukubwa huu, sekta namba fulani haisomeki. Haikupambi wala haikuogopeshi. Kuna siku iliniambia kwamba diski fulani ilifunguliwa mara ya mwisho katika wakati ambao haujafika. Nilisoma sentensi ile mara tatu kabla ya kuelewa kwamba betri ndogo ya saa, ile CR2032 inayofanana na sarafu, imekufa, na mashine inaamini bado ni 2002. Betri mpya, mambo yakaisha. Kwa fundi, mashine inayosema inapouma ni nusu ya tiba.

Programu niliyoitumia inaitwa ddrescue, kazi ya Antonio Diaz Diaz, nayo ni ya bure. Husoma diski kama mtu wa Kisumu anavyokula samaki. Kwanza inachukua minofu yote inayotoka kwa urahisi, ikikuta mwiba inauruka. Ikimaliza upande mmoja inarudi kwenye miiba, taratibu, ikichokora kila mmoja pembeni mpaka ibaki ile isiyotoka kabisa. Kila hatua inaiandika kwenye ramani ndogo pembeni: hapa nimepata, hapa bado, hapa pameoza. Aliyeitunga sidhani alikuwa akifikiria stima ya Kibera, lakini angekuwa anaifikiria asingefanya tofauti. Umeme ulipotea mara mbili usiku ule. Uliporudi niliandika amri ileile, nayo ikasoma ramani yake ikaendelea pale ilipoachia, bila kuitesa diski kwa kurudia ilichokwisha kukichukua. Dakika 40 za kwanza zilitoa karibu diski yote. Kilichobaki, kiasi ambacho kingetosha kwenye CD moja, kilichukua usiku mzima na asubuhi.

Usiku wa namna hiyo mtu hukumbuka vitu hivi vilitoka wapi. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha, ndio huu wa Linux. Kwetu ulikuja kwa posta. Ubuntu, toleo jingine la Linux, ilipoanza 2004, ikiwa na jina la Kibantu lisilohitaji kutafsiriwa, ilikuwa ukiomba unaletewa CD bure, ndani ya bahasha ya karatasi, na utaratibu huo uliendelea mpaka 2011. Mwalimu wangu bado anayo yake. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, kushusha MB 700 za CD kama hiyo Nairobi ilikuwa kazi ya usiku kadhaa ambayo stima ingeweza kuivunja wakati wowote. Bahasha ilikuwa na kasi zaidi. Mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na hakuna aliyehitaji kumwomba mwenye kampuni ruhusa ya kuifanya hivyo. Siku hizi hapa Kibera vijana wa shirika la Tunapanda wamefunga mtandao wao wa waifai unaounganisha shule na vituo vya mtaa. Mimi nauona ni uzi mmoja: mtu amepewa kitu wazi, akakifungua, akakielewa, akakitengeneza kwa mikono yake.

Nina uchungu mmoja, nao nausema kwa sababu nazipenda mashine hizi. Hata huku kwenye mifumo huria mlango unafungwa. Ubuntu iliacha kutoa mfumo wa mezani wa biti 32 mwaka 2017, na Debian 13 ya 2025 haina tena diski ya kuusimika kwenye kompyuta za aina hiyo. Najua sababu, kila mfumo unaotunzwa una watu wanaoutunza na watu huchoka. Lakini Kawangware bado kuna Pentium 4 zinazochapa barua za kuomba kazi. Nimeweka flashi tatu za Debian 12 kwenye kopo la majani chai, na ninaziangalia kama mkulima anavyoangalia mbegu.

Asubuhi nakala ilikamilika. Nikaweka diski ya mama kando, nikaifunga kwa gazeti, na kuanzia hapo sikuigusa tena. Kazi yote ilifanyika juu ya nakala, nayo niliifungua kwa kusoma tu. Folda zilikuwa zimepangwa kwa miaka, na ndani yake majina ambayo yeyote aliyewahi kukaa saiba usiku wa Alhamisi atayatambua: marehemu, marehemu mpya, marehemu mwisho, marehemu mwisho kabisa. Vijitabu vilitengenezwa kwa Publisher ya zamani. LibreOffice huzifungua faili hizo, ingawa si bila kasoro. Fonti zile za kunakshi hazikuwepo, kwa hiyo majina yalivimba yakamwagika nje ya fremu zake, na ratiba ya ibada ikaangukia juu ya wasifu. Nilikaa siku mbili nikizipanga upya. Hakuna aliyeniomba. Lakini mtu aliyeandikiwa kwa mapambo arudishwe na mapambo yake.

Mama alirudi Jumanne, na hakuja peke yake. Alikuwa na mwanamke mwingine, jirani yake, wa makamo, aliyesimama mlangoni kama mtu asiye na uhakika kama aingie. Huyo ndiye aliyekuwa akiulizia kwa miaka mingi. Picha aliyoitaka ilikuwa miongoni mwa zile zilizoangukia kwenye sekta mbovu, na nilikuwa nimeirudia ile sehemu kwa ddrescue mara nyingi kuliko nilivyopaswa, kwenda mbele na kurudi nyuma, nikipata kipande hapa na kipande pale. Picha ya kidijitali ikikatika haitoboki kama karatasi. Inakuja sawasawa kutoka juu, halafu penye pengo rangi inakufa, na kutoka hapo hadi chini ni kijivu kitupu.

Nilitaka kumweleza kabla hajaiona, nikakosa maneno, nikaamua niichape. Printa yangu ni LaserJet 1020 ya zamani, aina iliyojaa saiba za Nairobi, nayo ina ulemavu ambao nimeuzoea: haina kumbukumbu ya kudumu. Ikizimwa husahau hata namna ya kuchapa, na kila asubuhi lazima kompyuta iipelekee upya mafunzo yake kabla haijakubali karatasi. Tukangoja, sote watatu, mpaka taa yake ya kijani ikatulia. Karatasi ikatoka ikiwa na joto.

Paji la uso lilikuwepo. Macho, masharubu, kidevu, ukosi wa shati. Kisha kijivu.

Nikasema, "Mama, hapa chini haikutoka. Nimejaribu."

Hakunijibu. Alipitisha kidole juu ya karatasi, akakishusha kutoka kwenye ukosi mpaka kwenye kile kijivu, akakiacha pale.

"Lilikuwa la kijani hilo shati," alisema. "La mistari. Nilimnunulia Toi."