Anga la kuazima: picha za Singida zinazopikwa kwenye simu

Kuna picha ya Singida ambayo bila shaka umeshatumiwa. Si moja, ni aina ya picha. Shamba la alizeti, maua yote yanatutazama usoni, nyuma yake jua kubwa la rangi ya chungwa, na juu yameandikwa "Asubuhi njema". Inapendeza na inasambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Ila ukiikagua kidogo tu, haisimami.

Alizeti changa hufuata jua kutwa nzima, lakini ua likishakomaa shina hukakamaa na kichwa hubaki kimeelekea mashariki. Kwa hiyo anayepiga maua hayo usoni lazima awe anatazama magharibi. Jua lililo nyuma yake basi ni la jioni! Na kama jua lingekuwa kweli nyuma ya maua, nyuso zake zingekuwa na kivuli. Hizi zinang'aa, maana mwanga umezipiga kwa mbele. Yaani jua halisi la asubuhi lilikuwa mgongoni mwa mpiga picha, na hili la mbele limeletwa baadaye.

Ukubwa nao una kesi yake. Jua huchukua takriban nusu nyuzi ya anga. Picha ya kawaida ya simu, ikiwa imelazwa, hubeba kama nyuzi 70 kwa upana. Ungehitaji majua 140 yaliyopangwa mstari mmoja kuujaza upana huo. Jua linalomeza robo ya picha halikupigwa na simu hiyo palepale. Tangu Adobe iweke kwenye Photoshop kitufe cha kubadilisha anga mwaka 2020, na programu za simu zikafanya vivyo hivyo, anga limekuwa kitu cha kuazima kama kiti cha harusini.

Sasa mtu atasema: sanaa ni sanaa, waacheni watu. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu hakuna picha ya simu isiyohaririwa. Kila kitundu kwenye kihisi cha kamera hupima rangi moja tu kati ya tatu, nyekundu, kijani au buluu. Zile mbili nyingine kamera inazikisia kwa kuangalia majirani. Kwa hesabu hiyo theluthi mbili za thamani za rangi unazoziona ni makisio, hata kabla hujagusa chochote. Anayedai "picha yangu ni halisi, sijaweka filta" naye ahojiwe.

Kwa hiyo kubadilisha picha si kosa. Swali ni mabadiliko yanafanya kazi gani.

Chukua majabali ya granaiti yanayouzunguka mji wa Singida. Yapige mchana, jua likiwa kali, utapata picha iliyopauka. Igeuze nyeusi na nyeupe, kisha punguza mchango wa tabaka la buluu. Anga linakuwa jeusi kabisa, kwa sababu hewa hutawanya zaidi mawimbi mafupi ya mwanga, na buluu ndiyo iliyojaa kule juu. Jiwe halina buluu nyingi, basi linabaki jeupe. Ghafla unaona nyufa, maganda ya mwamba yanayobanduka na mti ulioota kwenye ufa. Haya ni mageuzi makubwa kuliko filta yoyote, maana rangi zote zimefutwa. Lakini hakuna anayedanganyika, na umeona kilichokuwepo.

Linganisha na picha za Ziwa Singidani. Ni ziwa la chumvi. Kiangazi maji hupungua na kuacha ukingo mweupe. Heroe, wale ndege ambao wengi tunawaita flamingo, wakiwepo, mhariri anavuta waridi mpaka mwisho. Matokeo yake ni kundi la ndege waliofanana kama plastiki. Hapo kimepotea kitu. Waridi ya heroe hutokana na karotenoidi zilizomo kwenye vijimea na sianobakteria wanaowala. Ndege mchanga ni wa kijivu na huchukua miaka kadhaa kukolea. Tofauti ile ya rangi ilikuwa inakuambia nani mkubwa na nani mdogo. Picha ya kawaida ya simu ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, kuanzia 0 hadi 255. Ukivuta kupita kiasi, nyekundu zote zinagonga 255, na ukihifadhi juu ya picha ya awali hazirudi tena.

Wanasayansi nao hupotosha rangi, tena kwa makusudi. Picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972, mara nyingi huonyesha mimea kwa rangi nyekundu. Mimea yenye afya huakisi sana miale ya infraredi ambayo jicho halioni, basi miale hiyo hupewa rangi nyekundu. Ni uongo mtupu wa rangi, lakini una kanuni moja inayotumika kwa kila nukta ya picha, na msomaji huelezwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kijani. Singida ni nusu jangwa. Vumbi, majani makavu na mwanga mkali ndiyo sura yake kwa miezi mingi ya mwaka. Lakini picha nyingi za mkoa huu zimepakwa kijani cha Lushoto, kana kwamba ukame ni aibu ya kufichwa mgeni asiione. Mkulima anayesubiri mvua hayumo kwenye picha hiyo. Na mtu akitaka miaka 20 ijayo kujua ukingo wa Singidani ulifika wapi, au kichaka fulani kilikuwepo mwezi fulani, atakuta picha elfu moja nzuri zisizomwambia kitu.

Kwa hiyo hariri, tena hariri kwa ujasiri. Ila tunza ya awali na tarehe yake, useme ulichobadilisha, na kabla hujaazima anga la watu, tazama kwanza maua yameelekea wapi.